Kabati Linaloficha Vifaa vya Umeme: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Nyumba za Pwani ya Tanga

Mtu akishanunua runinga ya inchi 55, king'amuzi, amplifaya na ruta, jambo linalofuata ni namna ya kuvificha, maana sebule ya Tanga ni mahali pa kupokelea wageni na hakuna apendaye fungu la nyaya lining'inie mbele ya mgeni. Seremala huitwa, kabati huchongwa, milango hufungwa, na kwa wiki chache mambo huwa shwari. Kisha malalamiko huanza: king'amuzi kinajizima, rimoti haifanyi kazi, intaneti inasuasua, mlango umebana. Fundi wa runinga huja, huondoka na kifaa, na kifaa kikifika mezani kwake huonekana kizima kabisa, kwa sababu mezani hapana kabati.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza, kabla ya kushika bisibisi, ni hiki: fungua milango yote ya kabati, livute mbele kiasi cha mkono kupita nyuma yake, kisha uviache vifaa vifanye kazi jioni nzima kama kawaida. Tatizo likitoweka, kasoro ni ya kabati. Likibaki vilevile, mtafute fundi wa kifaa na umwache seremala apumzike. Mwongozo huu unahusu hali ile ya kwanza, na unaanza na dalili ninayoitiwa mara nyingi kuliko zote.

Kifaa kinajizima, kinagandisha picha au kinajiwasha upya

Chanzo ni joto. Umeme karibu wote unaoingia kwenye king'amuzi huishia kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kwenda. King'amuzi cha kawaida hutumia wati 10 hadi 20, ruta hutumia chini ya hapo, mashine ya michezo ya video huweza kupita wati 150, na amplifaya ikifunguliwa sauti hutumia zaidi. Vijitabu vya maelekezo vya vifaa vya namna hii kwa kawaida huruhusu hewa inayovizunguka isizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Sasa fikiria mwezi wa Februari, saa tisa alasiri, katika nyumba ya Ngamiani yenye paa la bati: sebule yenyewe imekwisha kufika nyuzi 32 au 33, na kabati limebakiwa na nyuzi saba tu. Nyumba ya nchi ya baridi, ambayo sebule yake ina nyuzi 20, ina nafasi ya nyuzi 20 nzima kabla ya kufika mpaka huohuo. Ndiyo sababu kabati lililonakiliwa kutoka kwenye picha ya mtandaoni linafanya kazi huko lilikopigiwa picha na linashindwa hapa, ingawa fundi amelinakili bila kukosea hata kipimo kimoja.

Ili kuthibitisha, chukua kipimajoto cha kawaida cha chumbani, kiweke ndani ya kabati kando ya kifaa bila kukigusa, funga milango na uwashe vifaa kwa saa mbili. Kikisoma zaidi ya 40, umepata jibu. Kikisoma 37 au 38 usifurahi mapema, hasa kama umepima mwezi wa Julai wakati kusi inavuma. Ongeza nyuzi nne au tano za kaskazi kichwani mwako kisha uamue. Joto lisilotosha kukizima kifaa bado linakila polepole. Kapasita (vijikopo vya kuhifadhi umeme kwa muda) zenye kimiminika ndani yake, ambazo zimo karibu katika kila kigeuza umeme cha king'amuzi, hupungukiwa na nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Hiyo ndiyo kanuni wanayoitumia mafundi wa elektroniki, na ndiyo inayoeleza kwa nini king'amuzi cha jirani kilicho juu ya meza kinadumu kuliko chako kilicho kabatini.

Tiba ni upenyo, lakini si upenyo wowote. Kosa lililozoeleka ni kutoboa tundu moja la duara katikati ya bamba la nyuma, kisha kulisukuma kabati likagusa ukuta. Tundu hilo linapitisha nyaya, halipitishi hewa. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo panatakiwa mlango wa kuingilia chini na wa kutokea juu, na kadiri milango hiyo miwili inavyoachana kwa kimo ndivyo hewa inavyokwenda kwa nguvu zaidi. Kwa hesabu: kuondoa joto la wati 60 huku hewa ikiongezeka nyuzi 7 tu kunahitaji lita 7 hivi za hewa kila sekunde. Katika kabati la kimo cha nusu mita hewa inayopanda yenyewe huenda taratibu, na ili lita hizo zipite inakulazimu uache ufa wa sentimita 8 kwa upana wote wa kabati la sentimita 60, chini, na mwingine wa ukubwa huohuo juu. Wateja wengi hushtuka wakiona kipimo hicho. Kinaweza kufichwa: ufa wa chini ukae sakafuni mwa kabati, nyuma ya miguu, ambako hakuna anayeinama kutazama, na wa juu ukae kwenye uso wa nyuma wa kabati, mradi kabati liachane na ukuta kwa sentimita 8 hadi 10.

Njia ambayo mimi huipendelea ni kuuacha mlango wenyewe upumue. Mabibi na mababu wa pwani hii walikuwa na viti vilivyosukwa kwa henzerani na madirisha ya kimia, na vyote viwili vinakubali kuwa mlango wa kabati bila kuonekana vigeni sebuleni. Fremu ya msaji yenye henzerani katikati hupitisha hewa, sauti, na mara nyingi hata mwonzi wa rimoti, jambo ambalo nitalirudia hapa chini. Ila kumbuka kwamba msuko si uwazi mtupu; sehemu kubwa ya eneo lake ni ufito, basi eneo la msuko liwe angalau mara mbili ya lile la ufa uliokusudiwa. Luva za mbao, yaani vibao vilivyopangwa kwa mshazari, nazo hufanya kazi nzuri zikielekezwa vizuri.

Vifaa vikizidi wati 100 kwa jumla, usitegemee hewa ijipandie, weka feni. Feni ya kompyuta ya sentimita 12 inayotumia volti 12, hata ikiendeshwa kwa volti 7 au 8 ili isisikike, inatosha kwa sebule nyingi. Ifungwe juu, isukume nje, na iwekwe juu ya vipande vya mpira ili mbao isivume nayo. Feni iliyofungwa chini ikisukuma ndani hukusanya vumbi la sakafuni na kulimwaga juu ya vifaa. Feni iliyofungwa ndani ya kabati lisilo na upenyo haifanyi chochote zaidi ya kuizungusha hewa ileile ya moto, na nimeshaziona za namna hiyo zikizunguka kwa uaminifu mkubwa.

Mambo mawili madogo yamalizie sehemu hii. King'amuzi kisiwekwe juu ya amplifaya, hata kama vinalingana upana na vinapendeza. Amplifaya hutoa joto lake kwa juu, na king'amuzi hupokea hewa yake kwa chini. Na vile vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya vifaa vitafutiwe kazi nyingine, kwani matundu yaliyo mgongoni mwa king'amuzi ndiyo pua yake.

Harufu ya samaki pasipo samaki, au plagi iliyobadilika rangi

Dalili hii haisubiri kesho. Plastiki ngumu inayotumika kutengenezea plagi na soketi nyingi ikipata moto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana na ya samaki, na kwa bahati mbaya katika nyumba ya Tanga harufu hiyo haimshtui mtu. Kila mmoja hudhani imetoka jikoni. Ukiinusa karibu na kabati, zima swichi ya ukutani kwanza, ndipo ufungue.

Chanzo huwa ni ekstensheni. Kabati moja linaficha vifaa vitano, ukuta una soketi moja, hivyo ekstensheni huingizwa ndani, ya pili huchomekwa kwenye ya kwanza, na waya wa ziada huviringishwa na kufungwa kamba nyuma ya droo. Plagi ya pini tatu tunayoitumia hubeba fyuzi ya ampia 13, ambayo kwa umeme wetu wa volti 230 ni karibu wati 3,000. Vifaa vya burudani peke yake havifiki huko. Tatizo hutokea pale mtu anapoona tundu moja la ekstensheni liko wazi na kuchomeka pasi au birika la umeme, huku waya wa ekstensheni ukiwa mwembamba na umeviringishwa mahali pasipo hewa. Waya ulioviringishwa hupashana joto wenyewe kwa wenyewe, na ndani ya kabati joto hilo halina pa kwenda.

Kagua kila plagi kwa mkono baada ya kuzima: iliyo ya uvuguvugu ichunguzwe, iliyo ya moto ibadilishwe pamoja na soketi yake, kwa sababu soketi iliyolegea huendelea kupata moto hata ukibadilisha plagi peke yake. Usanifu sahihi ni kumwita fundi umeme kabla seremala hajaanza, aweke soketi mbili pacha ukutani nyuma ya mahali pa kabati, kwa kimo ambacho bamba la nyuma halitazigusa. Plagi inachomoza kutoka ukutani sentimita kadhaa, na kabati lisiloachiwa nafasi hiyo huikunja shingo ya waya kila linaposukumwa. Ekstensheni ikiwa haiepukiki, iwe moja, iwe na waya mnene, ifungwe kwa skrubu ubavuni mwa kabati ikitazama pembeni ili vumbi lisiingie kwenye matundu, na waya wake ulazwe kwa mkunjo mpana. Fyuzi za plagi za vifaa vidogo ziwe za ampia 3, si 13. King'amuzi chenye kasoro kitaunguza fyuzi ya 3 mapema, ilhali ile ya 13 itakitazama kikiungua.

Rimoti inafanya kazi mlango ukiwa wazi tu

Rimoti nyingi za ving'amuzi na runinga hutumia mwonzi wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, ambao jicho halioni lakini tabia yake ni ya mwanga: mbao inauzuia, kioo safi kinaupitisha. Kwanza hakikisha rimoti yenyewe ni nzima. Washa kamera ya simu, ya mbele kwa kuwa baadhi ya kamera za nyuma zina kichujio, uelekeze rimoti kwenye kamera na ubonyeze kitufe. Kitaa cha mbele kitaonekana kwenye skrini kikimetameta kwa rangi ya zambarau au nyeupe. Kisipoonekana, badilisha betri kabla ya kulilaumu kabati.

Ikiwa rimoti ni nzima, una njia tatu. Ya kwanza ni kubadilisha kitu kilicho mbele ya jicho la kifaa: kioo cheusi cha akriliki huonekana cheusi kwa mgeni lakini aina nyingi zake hupitisha infraredi vizuri, na kitambaa chepesi cha spika au henzerani nazo hupitisha kiasi cha kutosha. Kabla ya kununua kipande kizima, chukua sampuli dukani, ishike mbele ya king'amuzi na ujaribu rimoti kutoka kwenye kochi, si kutoka hatua mbili. Jaribu pia ukiwa pembeni, kwa kuwa msuko unaopitisha mwonzi ulionyooka huweza kuuzuia unaokuja kwa mshazari. Njia ya pili ni jicho la ziada, kifaa kidogo chenye waya ambacho jicho lake hubandikwa nje ya kabati na taa yake ndogo hubandikwa mbele ya king'amuzi ndani. Hufaa pale mteja anapong'ang'ania mlango wa mbao nzima. Ya tatu ni kununua kifaa ambacho rimoti yake hutumia mawimbi ya redio, ambayo mbao haiyazuii.

Kuna dalili moja inayowachanganya watu: rimoti inakataa alasiri tu, hata mlango ukiwa wazi. Hapo tazama dirisha. Jua likipiga moja kwa moja kwenye jicho la kifaa linaizidi nguvu rimoti, kwa kuwa mwanga wa jua umejaa infraredi. Ukiwa na mlango wa akriliki nyeusi hali hupungua kidogo, kwa kuwa hukata mwanga unaoonekana, lakini dawa hasa ni pazia au kulihamishia kabati ukuta mwingine.

Intaneti inasuasua tangu ruta iingie kabatini

Mbao kavu si adui mkubwa wa mawimbi ya ruta. Adui ni chuma, kioo cha kujitazama, na maji. Kabati la mninga lenye mlango wa kawaida hupunguza kidogo tu. Kabati hilohilo likiwekewa mgongo wa bati, rafu za chuma au kioo cha kujitazama mlangoni hugeuka ngome, kwa kuwa ile rangi ya fedha iliyo nyuma ya kioo ni tabaka la metali. Wavu wa chuma wenye matundu madogo nao ni hivyohivyo, maana wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu na halipenyi kwenye tundu la milimita chache. Tangi la samaki wa mapambo juu ya kabati, ambalo naliona kwa baadhi ya nyumba za Raskazone, ni ukuta wa maji.

Pima badala ya kukisia. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: −50 ni nzuri sana, −67 bado inatosha kutazama video, −80 ni taabu. Kaa mahali pamoja, soma namba mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa. Kila tofauti ya 3 maana yake nguvu imepungua kwa nusu, na tofauti ya 10 maana yake imebaki sehemu moja ya kumi. Tofauti ikiwa ya 2 au 3, acha kabati; tatizo lako huenda ni kuta. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe zina kuta nene mno, na hakuna kabati litakalotibu hilo. Nyumba ya namna hiyo inahitaji kebo ya mtandao ivutwe hadi chumba cha pili na ruta nyingine iwekwe huko. Kama mnatumia masafa ya gigahezi 5, jaribuni 2.4, ambayo hupenya vizuri zaidi ingawa kasi yake ni ndogo. Na diski ya nje inayotumia USB 3 isilale juu ya ruta, kwa sababu huchafua masafa ya 2.4 kwa mlio wake wa redio. Sentimita 50 za kuiachanisha huleta tofauti.

Sauti imezibwa, au spika zinavuma

Mteja mmoja wa Chumbageni aliniuliza, "Fundi, mbona taarifa ya habari inasikika kama inasomewa pipani?" Spika zilikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye mlango mzima, na swali lake lilikuwa limeshataja jibu. Spika inahitaji uso wa kupumulia wa kitambaa chepesi au msuko, na inahitaji isisimame ndani kabisa. Isogezwe hadi ukingo wa mbele, kwani sentimita 10 za mbao zinazochomoza mbele yake hurudisha sauti na kuivuruga. Sabufa itolewe kabatini moja kwa moja. Hakuna rafu ya sebuleni itakayoistahimili bila kulia nayo.

Mvumo wa chini usiokoma, hata pasipochezwa chochote, ni jambo jingine. Huo ni umeme wa hezi 50 unaoingia kwenye kebo ya sauti. Chomoa kebo za sauti kutoka kwenye amplifaya: mvumo ukinyamaza, umeingia kupitia kebo. Katika kabati kebo za sauti na nyaya za umeme hufungwa pamoja fungu moja kwa ajili ya unadhifu, na huo unadhifu ndio chanzo. Umeme upite ubavu wa kushoto, ishara zipite wa kulia, na zinapolazimika kupishana zipishane kwa pembe mraba. Mtetemo wa vioo na milango wakati wa besi hutibiwa kwa vipande vya feliti kwenye vikomeo.

Mlango unabana wakati wa masika na kulegea wakati wa kaskazi

Hapa tunafika kwenye mbao, na hapa lawama ni ya seremala peke yake. Mbao huvimba kwa upana inapopata unyevu na kusinyaa inapokauka, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mlango wa paina wenye upana wa sentimita 50 ukibadilika unyevu kwa asilimia 4, jambo la kawaida kati ya Februari na Mei, hutanuka kama milimita 5. Mninga na msaji huvimba na kusinyaa kidogo kuliko paina, na ndiyo sababu wazee waliipa heshima. Msaji tunao jirani, katika shamba la Longuza wilayani Muheza, lakini muuzaji aulizwe kuhusu kiini: mbao ya nje ya rangi nyeupe, hata iwe ya msaji, mchwa huila kama mbao nyingine yoyote. Paina na mikaratusi inayoshuka kutoka Lushoto mara nyingi hufika ikiwa mbichi, na ikichongwa wiki ileile itasinyaa ikiwa tayari ni kabati.

Kabati la vifaa vya umeme lina mateso yake ya ziada ambayo kabati la nguo halina. Ndani mna joto na ukavu, nje mna unyevu wa pwani. Uso wa ndani wa mlango hukauka na kusinyaa huku wa nje umevimba, na mlango hupinda, kingo zake mbili za wima zikielekea ndani na katikati ukitokeza nje. Ukiona mkunjo wa namna hiyo, usikimbilie randa. Rudi kwenye kipimajoto cha sehemu ya kwanza, kwa maana mlango umekuonyesha kwamba ndani kumezidi joto. Baada ya hewa kurekebishwa, mlango upakwe vanishi pande zote mbili na kingo zote, idadi sawa ya tabaka. Kupaka upande unaoonekana tu ni kualika mkunjo urudi. Kwa mlango mpya, tumia fremu yenye bamba linaloelea ndani ya mfereji bila gundi, na uache milimita 3 kati ya milango miwili inayokutana.

MDF na chipbodi, yaani mbao za unga na chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, zina dalili tofauti: ukingo wa chini umefura na kumenyeka. Hiyo si masika, ni dekio. Nyumba inapigwa deki kila asubuhi, maji yanagusa ukingo usiozibwa, na ukishafura haurudi. Kata sehemu iliyoharibika, weka miguu ya mbao ngumu ya sentimita 10, na upate papo hapo ule ufa wa hewa wa chini.

Kutu kwenye bawaba, ukungu, na wageni wasioalikwa

Chumvi ya baharini inayotua juu ya chuma huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, na usiku wa pwani hupita hapo mara kwa mara. Kwa hiyo bawaba za chuma zilizopakwa zinki tu hazidumu Raskazone wala Sahare. Tumia shaba au stenlesi, na skrubu ziwe za aina ileile na bawaba. Matundu ya HDMI na ya kebo ya dishi nayo hushika utando; picha ikikatikakatika, chomoa na uchomeke upya mara kadhaa kabla ya kununua kebo nyingine. Nyumba inayofungwa kwa majuma mengi iachwe na milango ya kabati wazi, na vifaa viwashwe taratibu siku ya kurudi: fungua madirisha kwanza, uache hewa ipite, ndipo uwashe.

Mjusi, sisimizi na mende hufuata joto. Mjusi akipita juu ya saketi yenye umeme huunganisha njia mbili zisizopaswa kukutana, akafa yeye na kifaa pamoja. Ziba kila upenyo kwa wavu wa mbu wa nailoni, uongeze upenyo kwa nusu ya ukubwa wake ili kufidia wavu, na uupige brashi vumbi linapouziba. Kabati lisibane ukutani pia kwa sababu ya mchwa, ambao huujenga mfereji wao wa udongo gizani, na mwenye nyumba huuona siku rafu inapokatika.

Hakuna anayeweza kufika nyuma

Hii si kasoro ya kifaa wala ya mbao, lakini huzirefusha kasoro nyingine zote, kwa kuwa fundi asiyeweza kufika nyuma huvuta waya kutoka mbele na kuvunja tundu la HDMI. Tundu la kupitishia nyaya liwe na kipenyo cha sentimita 6 au zaidi, kwani plagi ya pini tatu haipiti kwa starehe kwenye la 5. Kina cha ndani kipimwe kwa kifaa pamoja na kebo yake, si kifaa peke yake; ongeza sentimita 8 kwa HDMI na kebo ya dishi, ambazo zikikunjwa kwa pembe kali huharibika ndani bila kuonyesha nje. Kila waya uachiwe urefu wa kutosha kifaa kuvutwa hadi nje ya mlango kikiwa bado kimechomekwa, na kila ncha ibandikwe utepe wenye jina.

Kabati zito liwekewe magurudumu yaliyofichwa nyuma ya ubao wa chini, mawili yakiwa na breki. Lisiloweza kusogea, kwa mfano lililojengwa ukutani, lipewe bamba la ndani linalofunguka, lililoshikwa kwa skrubu nne za shaba na si misumari wala gundi, na skrubu mbili za akiba zibandikwe kwa utepe upande wa ndani wa mlango, kwa sababu fundi wa king'amuzi hakosi kudondosha moja nyuma ya kabati.